Noah iliyogoma njia ya Lushoto: uchambuzi wa kisa kimoja cha giaboksi mlimani

Malalamiko yaliyoletwa gereji yalikuwa haya. Noah ya petroli, injini ya lita 2.0, inaondoka Mombo vizuri na kupanda makona ya mwanzo bila tatizo. Ikikaribia Soni inaanza kulegea. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda hadi 4,000 na zaidi, lakini mwendo unashuka: 40, 30, 20, mpaka bodaboda zenye abiria wawili zinaipita. Harufu ya kuungua inaingia ndani. Dereva akiegesha pembeni nusu saa na boneti wazi, gari linaondoka bila kinyongo, kisha baada ya kilomita chache mambo ni yaleyale. Kwenye tambarare, Mombo kwenda Korogwe, hata kwa mwendo wa 80, hakuna dalili yoyote.

Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya mboga na bidhaa za dukani Lushoto. Viti vya nyuma vimeng'olewa. Gari linashusha karoti, kabichi na hoho hadi barabara kuu, linapandisha sukari, unga, mafuta ya kula na sabuni. Kwa hiyo halipandi tupu wala halishuki tupu. Dereva ni mpwa wake, kijana makini, ila udereva alijifunzia Tanga mjini ambako hakuna mlima wa kumfundisha mtu adabu.

Kabla ya kufika kwetu gari lilikuwa limepita gereji kadhaa. Plagi zilibadilishwa zote, koili moja pia, pampu ya mafuta na filta yake. Throto ilisafishwa. Bomba la moshi lilifunguliwa kuangaliwa kama limeziba. Kompyuta ilichomekwa, ikasema hakuna hitilafu. Neno la mwisho aliloambiwa mama likawa injini imechoka.

“Fundi, nimeambiwa ninunue injini,” alisema baada ya salamu. “Nikaona nisikie na kwako kabla sijaenda kukopa.”

Injini ile haikuwa imechoka hata kidogo. Nakieleza kisa hiki chote, bila kuruka, kwa sababu magari mengi ya milimani yanabadilishiwa injini, na mengine giaboksi, bila mtu yeyote kuuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: humo ndani mna oili gani, na inafika joto kiasi gani?

Kuiondolea injini lawama

Injini iliyochoka hushindwa kupandisha mizunguko mlimani. Unakanyaga mafuta, mshale unasita, gari linajikongoja, na sauti inakuwa nzito. Hapa mambo yalikuwa kinyume: injini inazunguka kwa nguvu zake zote, gari ndilo halisogei. Nguvu inatoka kwenye injini na haifiki magurudumuni, basi inapotelea katikati.

Ipo tahadhari moja, na hapa hata mafundi wazoefu hukosea. Noah hii ina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua; badala yake ina mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili. Mlimani, kompyuta yake huipandisha injini kwenye mizunguko mingi na kuishikilia hapo, mwendo ukiwa uleule. Aliyezoea otomatiki ya kawaida akisikia kelele ile huapa kwamba giaboksi inateleza, kumbe ipo kazini. Hata mizunguko kuongezeka huku mwendo ukipungua si ushahidi kamili, kwa sababu mlima ukizidi kusimama CVT hujishusha yenyewe kwenye uwiano wa chini, kama mtu anavyorudisha gia ndogo.

Ushahidi unapatikana kwa kusoma kompyuta gari likiwa njiani, limebeba mzigo. Ndiyo maana ile kompyuta iliyochomekwa gari likiwa limepoa na limesimama haikuwa na la kusema. Tulipanda nalo kutoka Mombo likiwa na mzigo wake wa kawaida, mpwa akiendesha, mimi nikitazama vitu vitatu: kasi ya mzunguko wa puli ya kwanza, kasi ya puli ya pili, na joto la oili ya giaboksi. Chini, uwiano wa puli ulitulia. Kadiri joto lilivyopanda ukaanza kurukaruka ilhali mguu wa dereva haujasogea, na karibu na Soni ukavuka kiwango cha chini kabisa ambacho puli hizo zinaweza kukifikia kwa umbo lake. Puli haziwezi kupita hapo. Zikionekana zimepita, mkanda unateleza.

Joto lilikuwa nyuzi 85 tulipoanza kupanda. Lilipofika kwenye 120 ndipo kurukaruka kulianza, na gari lilipolegea kabisa lilikuwa limeshapita hapo.

Mlima wenyewe unadai nini

Mombo ipo takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini karibu mita 1,400. Katikati ni kilomita 33 za lami nyembamba inayojipinda kwenye ukingo wa bonde hadi Soni penye maporomoko, kisha inaendelea kupanda. Ukigawanya, wastani wa mwinuko unaonekana wa kawaida. Wastani huo unadanganya, kwa maana zipo sehemu za kupumua na zipo kona ambazo gari linabeba uzito wake kwa mwendo wa mtu anayekimbia.

Noah tupu ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Weka dereva, msaidizi na mzigo, unafika tani mbili. Kupandisha tani mbili kwa mita 1,000 ni kazi ya karibu uniti tano na nusu za LUKU, na hapo hujahesabu msuguano wa matairi wala hasara ya giaboksi yenyewe. Kazi hiyo yote inapita kwenye giaboksi. Sehemu inayopotea njiani haipotei hewani, inageuka joto ndani ya oili. Tambarare joto hilo huondolewa na upepo wa mwendo. Mlimani gari linakwenda taratibu, upepo ni mdogo, na kazi ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Tena hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Dereva anahisi gari limekuwa zito, anaongeza mafuta, na giaboksi inazidi kuchemka. Upungufu huu wa kawaida wa nguvu ndio uliosaidia kuwadanganya waliosema injini imechoka. Kila injini huchoka kidogo Lushoto.

Oili

Nilimuuliza kijana lini giaboksi ilibadilishwa oili mara ya mwisho. Alikumbuka vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyelipeleka. Gari lilikuwa halina tatizo lolote, walitaka tu kulifanyia huduma kabla ya msimu wa mboga. Fundi alimwaga oili ya zamani na kuweka ATF, ile nyekundu ambayo wengi tunaiita haidroliki. Alipouliza kama ndiyo yenyewe akajibiwa kwamba Noah zote zinatumia hiyo.

Fundi yule hakusema vile kwa ubaya, na kosa lake linafanywa na wengi. Noah za umbo hili zilipotoka mwishoni mwa 2001 zilikuwa na otomatiki ya gia nne, na hizo kweli zinatumia ATF. Baada ya maboresho ya 2004, nyingi za kuvuta magurudumu ya mbele zikaja na CVT. Kwa nje ni gari lilelile na injini ni ya ukubwa uleule, lakini kilichomo kwenye giaboksi ni kitu kingine kabisa. Aliyejifunza kazi kwa zile za mwanzo anaiona ya baadaye na kuitendea kama ya mwanzo.

Kulitambua hakuhitaji kubahatisha. Kwenye kibati cha chasisi, penye maandishi ya TRANS/AXLE, pana alama ya giaboksi. Kwa Noah hizi ikianza na herufi K ni CVT. Ikianza na A au U ni otomatiki ya gia. Ni kazi ya dakika moja, na ingeokoa giaboksi nzima. Rangi ya oili usiitegemee, kwa sababu watengenezaji hutia rangi wanavyopenda.

Kwa nini oili ni jambo kubwa kiasi hiki? Ndani ya CVT kuna puli mbili, kila moja ikiwa na pande mbili zinazoweza kusogeleana au kuachana. Katikati yake unapita mkanda wa chuma uliotengenezwa kwa vipande vyembamba mia kadhaa vilivyoshikwa na pete nyembamba za chuma. Puli moja ikijibana, nyingine inajiachia, mkanda unapanda huku na kushuka kule, uwiano unabadilika bila hatua. Wazo lenyewe ni la zamani: DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1958, ila kwa mikanda ya mpira.

Nguvu yote ya injini inapitishwa na mgusano wa chuma na chuma, ukiwa umelowa oili. Oili ya CVT imeundwa ili chuma hicho kishikane kinapobanwa, na wakati huohuo kisisagane. ATF imeundwa kwa kazi nyingine, ya kulainisha mshiko wa sahani za klachi zenye karatasi ya msuguano ili gia ziingie bila mshtuko. Uiweke kwenye CVT, gari litawaka, litaondoka, na mjini halitalalamika kwa muda. Nguvu ikidaiwa kwa muda mrefu, mkanda utaanza kuteleza. Kuteleza kunazaa joto, joto linaifanya oili iwe nyepesi, oili nyepesi inapunguza mgandamizo wa kubana puli, na mkanda unateleza zaidi. Duara hilo ndilo lililokuwa likizunguka kila gari lilipokaribia Soni, na ndilo lililokuwa likikatika kwa muda gari lilipopumzishwa nusu saa.

Toyota kwa giaboksi hii wanataka oili yao ya CVT inayoitwa TC. Si lazima chupa iwe na jina la Toyota, lakini lazima iandikwe wazi kwamba inakidhi TC. Na oili inayouzwa bei ya kutupa kwenye chupa yenye lebo iliyobandikwa upande, usiiguse.

Tulichokikuta ndani

Oili ilitoka nyeusi, nyepesi, na harufu yake ilikuwa ileile iliyokuwa ikiingia ndani ya gari. Tulifungua sampo, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Chini ya sampo ya CVT huwekwa sumaku ndogo za duara ili zinase vumbi la chuma. Kwenye giaboksi nzima utakuta juu ya sumaku utando wa kijivu, laini, ukiusugua kwa vidole unahisi kama hakuna kitu. Kwenye hii sumaku zilikuwa hazionekani. Zilifunikwa na tope zito lenye punje, na nilipolipangusa kwa kitambaa cheupe na kukipeleka juani zikang'aa chembe ndogo zenye ncha. Nilimwita mama aje aone. Chembe zile ni za mkanda na uso wa puli, na kilichokwaruzika pale hakirudi.

Nilimpa chaguo mbili bila kuficha. Kwanza, kusafisha, kuweka oili sahihi, kurekebisha upoaji, na kujaribu. Gharama ndogo, matumaini madogo. Pili, giaboksi nyingine. Alichagua la kwanza, na kwa hali yake ningechagua hilohilo.

Kumwaga mara moja hakutoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya oili hubaki kwenye toki konveta, kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili, na kwenye njia za ndani. Unamwaga, unajaza, unaendesha, unamwaga tena, mpaka ATF iliyobaki iwe kidogo sana. Kipimo cha CVT pia hakichukuliwi kwa jicho. Injini inakuwa inaunguruma na oili iko kwenye joto linalotakiwa. Ikizidi inatoa povu, ikipungua pampu inavuta hewa, na yote mawili yanaishia kwenye kuteleza.

Rejeta, na mambo mengine yaliyochangia

Oili peke yake ingeiua giaboksi hii, lakini ilipata wasaidizi.

Oili ya giaboksi ya Noah hupozwa ndani ya rejeta ya injini. Rejeta hii ilikuwa imejazwa maji ya bomba na ya kijito kwa miaka, bila kulanti. Tulipoifungua, mirija mingi ilikuwa imeziba kwa chokaa na kutu. Mshale wa joto la injini ulikuwa bado unakaa katikati, kwa sababu mshale wa magari haya haukimbilii kusema. Maji yalikuwa moto kuliko inavyopaswa, na oili ya giaboksi haiwezi kupoa ikiogeshwa kwenye maji ya moto. Tulitafuta pia dalili ya maji kuingia kwenye oili, ile rangi ya chai ya maziwa inayotokea rejeta ikitoboka kwa ndani. Haikuwepo, nikashukuru.

Halafu uendeshaji. Nilipanda na kushuka na kijana nikiwa kimya, nikimtazama. Tulipokutana na lori kwenye kona nyembamba, alilishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki, akilicheza mbele na nyuma huku akisubiri. Gari la otomatiki likisimama hivyo, injini inakoroga oili ndani ya toki konveta na kila kinachozalishwa ni joto tupu. Sekunde chache hazina madhara, lakini dakika kadhaa, mara nyingi kwa siku, kwenye oili iliyokwishachemka, zina madhara makubwa. Breki ya mguu au ya mkono ndiyo ya kulishikilia gari mlimani.

Kushuka alikuwa akiweka fri, yaani kutoa gia, ili kuokoa mafuta. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona gari likikosa breki kwenye njia ileile. Injini za kisasa za sindano zikishuka na gia huku mguu umeachia mafuta hukata petroli kabisa. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma petroli ili isizimike, kwa hiyo unatumia mafuta mengi zaidi, siyo machache. Zile uniti tano na nusu ulizopandisha lazima zishuke pia, na ukiinyima injini kazi ya kushikilia, sehemu kubwa inaishia kwenye breki. CVT nyingi zina herufi B, S au L chini ya D, na kazi yake ni hiyo ya mteremko. Kijana alidhani B ni ya kupandia mlima mkali tu.

Jambo la mwisho alilisema mwenyewe bila kuulizwa. Siku moja gari lilipogoma, lilifungwa kamba nyuma ya lori na kurudishwa Mombo injini ikiwa imezimwa. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu ya mbele yakaendelea kuzunguka, vyuma vya ndani vinasagana bila kulainishwa. Zaidi ya hapo breki hupoteza msaada wake na usukani unakuwa mgumu, kwenye mteremko, nyuma ya lori. Gari la namna hii hubebwa, au hunyanyuliwa magurudumu ya mbele. Nilifurahi kwamba walifika salama na sikutaka kumlaumu zaidi, maana uso wake ulionyesha ameshaelewa.

Matokeo

Baada ya oili sahihi na rejeta mpya, tulirudi njiani na mzigo uleule. Joto lilipanda polepole zaidi, na gari likapita Soni bila kulegea. Kwa muda tulidhani tumeponea hapo. Kwenye mwinuko wa baada ya Soni uwiano ukaanza kurukaruka tena, safari hii joto likiwa bado halijafika 110. Maana yake ni wazi: oili sasa ilikuwa nzuri, upoaji ulikuwa mzuri, lakini nyuso za puli zilizokwishakwaruzwa hazikuweza tena kuushika mkanda kwa mzigo ule. Ingeweza kuishi mjini Korogwe kwa muda. Kwa njia ya Lushoto ilikuwa imekwisha.

Giaboksi ya mtumba ikatafutwa Dar es Salaam. Hapo nilisisitiza mambo ambayo wauzaji wengine hawayapendi. Alama ya K kwenye kibati ilingane kwa tarakimu zote, si jina la gari tu. Sampo ifunguliwe dukani kabla ya kulipa, sumaku zitazamwe. Moja tuliikataa kwa sumaku zake. Ya pili ilikuwa na utando mwembamba wa kijivu, tukaichukua. Oili iliyokuja nayo ilimwagwa yote, kwa kuwa hakuna anayejua nani aliweka nini humo. Kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta ya giaboksi zilifutwa ili ijifunze upya kubana puli hizi na si zile zilizokufa.

Pamoja nayo tulifunga kipozeo cha nje, rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta kubwa, oili ikipita kwanza kwenye ile kubwa kisha kwenye ndogo. Kwa gari linalopanda milima na mzigo kila siku, hiki ndicho kifaa ambacho ningekifunga hata kabla ya redio. Kwa mzigo uleule na njia ileile, joto halikuvuka 105 hadi Lushoto mjini, na uwiano ulitulia mwanzo hadi mwisho.

Mzigo nao tuliuzungumza. Mama alikubali kupunguza magunia ya sukari kwa safari moja, ingawa hesabu ya biashara ilimuuma. Kijana amezoea B. Oili inamwagwa kila kilomita 20,000, bila kusubiri dalili. Kwa oili, mafundi tuna kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi joto la kawaida hupunguza umri wake kwa nusu. Gari la mlimani haliwezi kufuata ratiba ya gari la Dar.

Kwa wenye magari mengine

Mwenye otomatiki ya gia nne hana mkanda wa kuogopa, lakini ana tatizo lake. Mlimani, gari lenye mzigo hubabaika kati ya gia ya tatu na ya nne: linapanda, linashindwa, linarudi, linapanda tena. Kila likibabaika, kufuli ya toki konveta inafunguka na oili inachemka. Zima kitufe cha O/D, kinachoruhusu gia ya nne, kabla ya kuanza kupanda, taa ya O/D OFF iwake, na uiache hivyo mpaka juu. Kushuka tumia 2 au L kulingana na ukali wa mteremko.

Gia za mkono nazo zina adui mmoja, mguu unaokaa kwenye klachi. Madereva wa Canter na Fuso wanaosubiri kupishana kwenye kona za Soni kwa kulishikilia gari na klachi nusu huchoma sahani mpya ndani ya muda mfupi, kisha wanalaumu spea. Wakati mwingine spea ni mbovu kweli. Mara nyingi flaiwili, gurudumu la injini linaloshikwa na sahani ya klachi, huwa ya bluu kwa joto na inaeleza vingine.

Wapo wanaoshauri CVT ing'olewe na kuwekwa giaboksi ya gia za mkono. Kwa gari hili nilikataa. Kompyuta, pedali, shafti na nyaya vyote vinapaswa kubadilishwa, na gari linalobaki hakuna fundi wa pili atakayelielewa likiharibika njiani.

Mama aliuliza pia kama aliuze anunue jingine. Nilimwambia kwamba kwa gari linalofuata, ikiwa njia yake ni hii na mzigo wake ni huu, atafute la gia za mkono au otomatiki ya gia nne, na asome kibati cha chasisi kabla ya kusikiliza bei. Hili alilo nalo sasa ni zima na akae nalo. Jambo moja tulilibishania: alitaka kupeleka gari kwa fundi yeyote wa karibu kwa kubadili oili, ili asishuke hadi Korogwe kila mara. Ni haki yake, na safari ni gharama. Tulikubaliana kwamba oili atainunua yeye mwenyewe, chupa ikiwa imeandikwa TC, na asimame pale inapomiminwa.